Kumjua Mgeni Kati ya Bata wa Ufipa

Novemba, mvua za kwanza zikishalowesha uwanda wa Ufipa, mabonde yaliyokauka tangu katikati ya mwaka huanza kushika maji tena. Huo ni wakati wa jembe. Huku Kaengesa, mahali ambapo wengi nchini wanapajua kwa sababu ya seminari, watu wako shambani na mbegu za mahindi na maharage, na hakuna wa kulaumiwa kwa kutogeuza shingo kuwatazama bata waliotua bwawani. Lakini miezi hiyohiyo, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Machi, ndiyo ambayo juu ya maji yetu anaweza kutua ndege aliyeanguliwa Finland au Siberia. Kumpata ni bahati. Kumtambua si bahati hata kidogo. Ni ufundi, nao una adabu zake na mafundi wake, na mimi nauheshimu kama ninavyowaheshimu wahunzi wa kale wa Ufipa, ambao tanuru zao ndefu za udongo bado zimesimama porini.

Ndege ninayemsema hapa nitamwita bata kishungi, kwa kuwa dume ana shungi jembamba linaloning'inia kisogoni. Wataalamu wanamwita Aythya fuligula. Huzaliana kuanzia Iceland, akapita kaskazini yote ya Ulaya, hadi mashariki ya mbali ya Urusi. Majira ya baridi yakiwadia huko, wengi wao hushuka Ulaya ya magharibi na kuzunguka Bahari ya Kati; wachache huendelea kusini hadi Ethiopia na maziwa ya nyanda za juu za Kenya. Nchini Tanzania ni mgeni adimu. Mtu anaweza kuwatazama bata maisha yake yote katika nchi hii asimwone hata mara moja.

Bata wa bahari hasa, wale wakubwa wa pwani za kaskazini wanaozamia kome katika mawimbi ya baridi, hawafiki kwetu. Chakula chao kipo huko, katika Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini, na hawana sababu ya kuvuka Sahara. Bata kishungi ndiye wa karibu nao kwa tabia miongoni mwa wanaoweza kutufikia: naye hupiga mbizi, naye hula kome na konokono, na huko Ulaya wakati wa baridi huonekana pia kwenye ghuba zilizotulia na midomo ya mito. Tofauti ni kwamba yeye hupenda maji baridi yasiyo na chumvi, yenye kina cha kutosha kuzamia na yenye eneo wazi. Ndiyo maana mtu anayemtafuta Rukwa hana haja ya kushuka bondeni. Ziwa Rukwa, kule chini ya ukingo wa bonde, lina magadi na kina kifupi, na ni pepo ya ndege wa namna nyingine. Huyu atafutwe huku juu, kwenye mabwawa na maziwa madogo ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, mahali kama Ziwa Kwela, lenye jina moja na jimbo letu la uchaguzi.

Fundi wa kazi hii haanzi na mgeni. Anaanza na wenyeji, na hapa ndipo wengi wanapoishiwa na subira. Mwenyeji mkuu wa maji ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ni bata mwenye mdomo wa njano, njano ya kweli, ulio na baka jeusi katikati, na manyoya ya mwili yaliyopakwa weupe kwenye kingo hata mwili unaonekana una magamba. Yuko pia yule mwenye mdomo mwekundu, kofia nyeusi na shavu jeupe. Yuko bata miti, uso mweupe, mrefu wa shingo, ambaye unamsikia akipiga mluzi kabla hujamwona. Hawa watatu ukiwatazama asubuhi nyingi, bila kutafuta kingine, jicho linaanza kujua mambo ambayo hakuna aliyeliambia. Linajua kwamba bata wa kuchovya, yaani anayeinamisha kichwa majini na kuinua mkia juu, huelea kama kitu chepesi, mkia wake ukiwa umeachana na maji. Linajua kwamba akishtuka huruka moja kwa moja kutoka alipo, bila kukimbia kwanza.

Wapiga mbizi wamejengwa vingine. Miguu yao imerudi nyuma karibu na mkia, mahali pazuri pa kusukuma mwili kwenda chini lakini pabaya pa kutembelea, ndiyo maana nchi kavu huyumba. Juu ya maji hukaa chini, mgongo ukiwa kama kilima, mkia ukigusa maji. Wakitaka kuruka hukimbia juu ya maji hatua nyingi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo hata kabla ya rangi, hata kabla ya kichwa, umbo tu la ndege aliyeelea mita 200 mbele yako limekwisha kukuondolea nusu ya majina. Hili peke yake ni jambo la kustaajabisha, na sijachoka kulistaajabia: mtu anatazama doa jeusi kwenye maji yanayometameta na kusema, kwa uhakika, huyu anazamia.

Katika wazamiaji wa kwetu kuna watatu wa kuwajua vizuri. Kibisi ni mdogo mno, mviringo, kama hana mkia, na akizama huwa kama amemezwa. Bata wa mgongo mweupe ana kichwa kikubwa, mgongo ulioinuka, na doa jeupe pale mdomo unapoungana na uso. Weupe wa mgongo wenyewe hauonekani mpaka aruke, na kuruka hapendi. Wa tatu ndiye mwenye kusumbua. Ni bata wa jicho jekundu, wa Afrika, dume akiwa wa hudhurungi iliyoiva hata kwa mbali ni mweusi, mdomo wa kijivu chenye usamawati, jicho jekundu. Jike ni wa kahawia, na usoni ana mstari mweupe uliopinda kutoka nyuma ya jicho kushuka shingoni, pamoja na weupe kwenye shina la mdomo. Huyu ndiye kipimo. Anayedai kumwona bata kishungi Ufipa ataulizwa kwanza: umejuaje kwamba si wa jicho jekundu?

Swali hilo niliulizwa mimi, na mwalimu mstaafu niliyekaa naye mara nyingi pembeni mwa maji, mtu wa maneno machache na darubini iliyochakaa ukanda. Nilikuwa nimeona ndege wawili weusi wakizama na kuibuka karibu na matete.

"Mwalimu, si ndiye yule?"

"Yule nani? Niambie ulichoona, mwanangu. Jina usinipe."

Nikaanza kueleza: weusi, wadogo, wanazama. Akaniuliza ubavu una rangi gani. Akaniuliza kisogo kimenyooka au kimevunjika. Akaniuliza jicho. Kila swali lilinirudisha kwenye darubini, na kila niliporudi niliona zaidi ya nilichokuwa nimeona, mpaka ubavu ukabaki wa hudhurungi ileile ya mgongo, paji likaonekana limeteleza polepole kuelekea mdomoni, na jua lilipopenya wingu jicho likawaka jekundu. Wenyeji. Mwalimu aliandika tarehe, saa, mahali, idadi, hali ya hewa, na jina la ndege wa kawaida kabisa kwa mwandiko uleule wa makini ambao angeuandikia maajabu. Kwangu, umahiri wake ulikuwa hapo.

Sasa bata kishungi mwenyewe. Dume aliyekamilika hana mfano: mweusi kichwa, kifua, mgongo na mkia, na ubavu mweupe pe, weupe uliokatwa kwa mstari safi, unaoonekana mbali kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake. Kichwa ni cha duara, paji limesimama wima, na shungi hushuka kisogoni. Jicho ni la njano. Mdomo ni wa kijivu chenye usamawati na ncha nyeusi. Ni mdogo, urefu wake ni kati ya sentimeta 40 na 47. Kabla ya kuzama hujirusha mbele kidogo, akijikunja, halafu anatoweka kwa muda ambao kwa kawaida haufiki nusu dakika. Mtazamaji mzoefu hashushi darubini hapo. Huhesabu kimyakimya huku akilitazama eneo pana la maji, kwa sababu mzamiaji haibuki alipozamia, na sekunde mbili za kwanza baada ya kuibuka, manyoya yakiwa yamelala kwa maji, shungi halionekani kabisa. Lazima umsubiri ajikung'ute.

Laiti wageni wote wangekuwa madume waliokamilika, ufundi huu usingekuwepo. Tatizo ni kwamba bata wa kaskazini hubadilisha manyoya baada ya kuzaliana, na kwa majuma kadhaa dume hupoteza pambo lake na kufanana na jike. Manyoya ya fahari hurudi taratibu. Yule anayetua Afrika mwezi wa Novemba anaweza kuwa bado na ubavu wa kijivu uliochafuka na shungi fupi kama kidole cha mtoto. Vijana wa mwaka huo ni wa kahawia wote, wa kiume kwa wa kike. Fundi basi hulazimika kujua ndege yupo katika hatua gani ya mwaka wake mwenyewe, mwaka ambao msimu wake wa kuzaliana ulikuwa mwezi wa Juni, kwenye nyasi za ukingo wa ziwa fulani la kaskazini ambako usiku karibu haupo. Mtu wa Kaengesa anayeweza kuwaza hivyo akiwa amechuchumaa kwenye tope la bwawa amefika mbali.

Wakiruka, mambo hugeuka tena. Bata kishungi ana mstari mweupe mpana unaopita kwenye bawa lote kwa nyuma, na anayeuona kwa mara ya kwanza hupiga kelele. Asipige. Bata wa jicho jekundu naye anao. Bawa ambalo kwa bata wengine ndilo hati ya utambulisho, hapa halimtenganishi mgeni na mwenyeji. Kinachosaidia ni tumbo, jeupe kwa kishungi na la giza kwa dume wa jicho jekundu. Nayapenda sana mambo ya namna hii, ambapo ushahidi unaong'aa kuliko wote ndio usiofaa.

Ajabu ni kwamba ufundi mzima wa kutambua ndege kwa macho, bila kuwaua, historia yake inapita kwa bata. Zamani uthibitisho ulikuwa bunduki: ndege aliangushwa, akapimwa mezani, akachunwa. Mwaka 1903 Ernest Thompson Seton, mchoraji na mwandishi aliyekulia Kanada, alichapisha hadithi iitwayo Two Little Savages, na ndani yake kuna kijana anayesumbuliwa na jambo dogo lenye uzito: vitabu vinaeleza bata aliye mkononi, naye anawaona mbali ziwani. Kijana huyo anawachora bata kwa mabaka yao tu, giza na nuru, kama wanavyoonekana kwa mbali. Roger Tory Peterson alikisoma kitabu hicho akiwa mtoto huko Marekani, na wazo hilo halikumtoka. Mwaka 1934 alitoa kitabu chake cha kutambulia ndege, ndege wakiwa wamechorwa kwa usahili na vimistari vidogo vikionyesha alama za kutazama. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha upesi. Vitabu vyote vya mfukoni tunavyobeba leo ni wajukuu wa kile, pamoja na kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha mwaka 2002, kinachokusanya zaidi ya aina 1,300 za ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi.

Kwetu Tanzania kuna ukoo wake. Reginald Moreau alifika Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1928, na kutoka huko alianza kufikiri kwa mapana juu ya ndege wanaokuja Afrika kutoka kaskazini; kitabu chake kikubwa juu ya safari hizo kilitoka mwaka 1972, yeye akiwa ameshafariki. Rukwa nayo ilipata watazamaji wake kwa mlango wa ajabu, nzige. Mbuga za Rukwa zilikuwa moja ya mazalio makubwa ya nzige wekundu, na Desmond Vesey-FitzGerald, aliyefanya kazi na idara ya kimataifa ya kuwadhibiti nzige hao yenye makao Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, alitumia miaka akipita kwenye nyasi hizo macho wazi. Mwaka 1960 yeye na J. S. S. Beesley walichapisha orodha ya ndege wa Bonde la Rukwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Tangu miaka ya 1980 Neil na Liz Baker wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za ndege wa nchi nzima kwa ajili ya atlasi ya ndege wa Tanzania. Januari 1995 ilifanyika hesabu ya kwanza iliyoratibiwa ya ndege wa maji katika maeneo makubwa ya ardhioevu nchini, ikiwa ni sehemu ya hesabu za Afrika zilizoanza mwaka 1991.

Nawataja kwa sababu ufundi huu haukamiliki jichoni. Unakamilika kwenye daftari. Bata mmoja adimu aliyeonwa na mtu mmoja asiyeandika hakumfaa mtu yeyote, ila aliyemwona. Aliyeandikwa vizuri, pamoja na mahali, tarehe, na maelezo ambayo mgeni asiyekuwepo anaweza kuyasoma na kuyapima, anaingia katika picha kubwa ya nani anakuja Afrika, lini, wangapi, na kama wanapungua. Hesabu hufanyika Januari kwa sababu hii: bata wa kaskazini wametulia walikokwenda, hawapo njiani, na ukihesabu kila mahali kwa majira mamoja ni nadra kumhesabu mmoja mara mbili.

Uwanda wa Ufipa unafundisha kwa ukali wake. Miti ni michache, kwa hiyo bata wanakuona kabla hujawaona. Unajifunza kusogea ukiwa umeinama, kusimama wao wanapoinua shingo, kutovaa nguo nyeupe. Unajifunza kufika saa 1 asubuhi na kukaa upande wa mashariki wa maji, jua likiwa mgongoni, maana ukikaa kinyume kila bata ni mweusi na kila ubavu una mng'ao wa uongo. Ikifika saa 5 upepo umeshaanza kukunja maji, na wazamiaji wanapotea kati ya mawimbi madogo. Wakati huo mwalimu alikuwa akifunga darubini yake bila majuto. Hakuwahi kusema siku imeharibika kwa kuwa hakuna mgeni. Alikuwa amewahesabu wenyeji, tena mara mbili, kwa kuwa wazamiaji ukiwahesabu mara moja unawapunja walio chini ya maji.

Wachunga ng'ombe wa huku nao wana sehemu yao. Wapo vijana ambao hawajawahi kushika darubini lakini wanajua kundi gani ni la bwawa hili na lipi limelala hapa jana tu. Wanajua kwa mwendo wa mbawa, kwa mlio, kwa namna kundi linavyozunguka kabla ya kutua. Kijana akikuambia kuna mmoja pale hayuko na wenzake, simama umwangalie huyo mmoja. Bata mgeni akifika peke yake hujiunga na wanaofanana naye kwa ulaji, hivyo mahali pa kumtafuta ni pembeni mwa kundi la bata wa jicho jekundu, akiwa amelala kichwa mgongoni, macho ya njano yakifumbuka na kufumba.

Bila shaka simu zenye kamera zimerahisisha. Picha iliyopigwa kupitia kioo cha darubini inaweza kumaliza ubishi wa miaka, na ninawasihi vijana wapige. Ila kwanza waandike na wachore, hata mchoro uwe mbaya: duara la kichwa, paji limesimama au limeteleza, weupe uko wapi na unaishia wapi. Mkono unaochora hulazimisha jicho kujibu, na picha haikulazimishi kitu. Nimeona picha nzuri za bata ambazo mpigaji hakuweza kusema lolote juu ya jinsi ndege alivyoruka au alivyozama, na hayo ndiyo yaliyohitajika.

Mtihani mgumu kuliko yote ni jike. Jike wa bata kishungi ni wa kahawia iliyoiva, ubavu wa kahawia hafifu, shungi fupi kama uvimbe tu nyuma ya kichwa, jicho la njano. Baadhi yao wana weupe kuzunguka shina la mdomo, na hapo anafanana na binamu yake mkubwa wa kaskazini ambaye kwa kweli hukaa baharini wakati wa baridi. Wachache wana weupe chini ya mkia, na hapo anafanana na binamu mwingine wa Ulaya na Asia, wa rangi ya kutu, ambaye Afrika Mashariki naye ni adimu. Weupe wa mkia wa binamu huyo wa kutu ni safi, umezungukwa na mstari wa giza, na jicho la jike wake ni la kahawia. Kwa jike wa kishungi weupe huo mara nyingi umechanganyika na madoa. Yote haya unatakiwa uyaone kwenye ndege mmoja aliye mbali, anayezama kila mara. Ukiona mkia usione jicho, andika mkia. Ukiona jicho mvua ikaanza kabla ya kuona mkia, andika jicho na saa ambayo mvua ilianza. Halafu pale penye nafasi ya jina acha wazi, chora mstari, na urudi kesho kabla ya saa 1.